Afadhali Ungeiiba

Kama umewahi kufiwa hapa Mpanda miaka ya karibuni, basi Telesfori amemfanyia kazi marehemu wako. Ni yeye anayetengeneza zile fulana za msiba zenye picha kifuani: marehemu kavaa suti ambayo hakuwahi kuwa nayo, nyuma yake mawingu na njiwa, chini maneno ya kumuaga yenye rangi ya dhahabu. Mtu amelima mpunga Mwamkulu maisha yake yote, kwa Telesfori anazikwa akiwa mkurugenzi. Ngozi anailainisha mpaka kovu halionekani wala kunyanzi. Mama mmoja wa mtaa wa pili aliletewa fulana ya mumewe, akaitazama mbele na nyuma, akauliza, "Na huyu naye amefariki lini?"

Mimi ni fundi cherehani, watu wananiita Mama Heri. Nashonea kwenye baraza la steshenari ya Lukmani, karibu na stesheni ya reli, na kwenye kona ya steshenari hiyo ndipo ilipo kampuni ya Telesfori. Naiita kampuni kwa sababu mwenyewe anaiita hivyo. Kibao kimeandikwa "Telly Digital World". Dunia yote hiyo ni meza moja, kompyuta moja, na stuli ya mteja ambayo mguu wake mmoja umefungwa kwa waya.

Kijana ana kipaji, hilo sitamnyima. Aliteremka kutoka Mwese kwa pikipiki, ana begi na penseli, akachora ukuta wa saluni mpaka watu wakasimama kuangalia. Ila anaugua Kiingereza. Haugui chote, anaugua vipande vyake. Hawezi kusema amechora, lazima aseme amedizaini. Hana wateja, ana "maklayenti". Ukimwambia herufi zako ni ndogo, bibi harusi hajasoma jina lake, atakujibu hiyo ndiyo "konsepti". Ugonjwa huu, kama mtakavyoona, nusura umkoseshe mke.

Kazi zote hizo alikuwa anazifanya kwa programu ya wizi. Nieleze vizuri, maana hapa hakuna mtu aliyekuwa anauona huo wizi. Programu yenyewe wenyewe wanaiuza huko nje kwa bei ambayo Mpanda hakuna aliyewahi kuilipa, na sidhani kama yupo aliyewahi hata kuiuliza. Lukmani anayo kwenye flashi. Anakuwekea, halafu anakuwekea na kidude kingine kinaitwa krakki, ambacho kazi yake ni kuiambia programu kwamba umeshalipa. Kinadanganya kwa niaba yako, wewe hata mdomo hufungui. Maofisi yana krakki. Mashule yana krakki. Kompyuta ya parokia yetu, inayochapa matangazo ya Jumapili, ina krakki aliyoiweka Lukmani, Mwislamu safi asiyekosa swala. Dini zote mbili zilikubaliana katika jambo hilo bila mkutano.

Kiangazi kilichopita krakki ikaishiwa uongo. Kikaanza kutokea kidirisha kinamwambia Telesfori kwamba nakala yake si halali. Akawa anakifunga kama mtu anayefukuza nzi, kinarudi, anakifunga. Lukmani akaleta krakki mpya kwenye flashi nyingine, na flashi hiyo ikaja na kirusi. Asubuhi picha zote zikawa vishale vidogo ambavyo ukivigusa havifunguki. Marehemu, maharusi, wanakwaya, wagombea udiwani, wote wakapotea pamoja bila kuulizwa dhambi zao. Nilimkuta Telesfori amekaa kwenye stuli ya mteja, nikajua hali ni mbaya.

Na balaa lilimkuta pabaya. Alikuwa amechumbia Aurélie, mwalimu wa chekechea, binti wa Mzee Gratien, aliyetoka Burundi zamani kama wazee wengi wa mtaa wetu. Mzee Gratien ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, Jumuiya ya Mtakatifu Yuda Tadei, mwombezi wa mambo yaliyoshindikana. Kwa asiyejua mambo yetu Wakatoliki, jumuiya ni zile nyumba chache za jirani zinazosali pamoja Jumamosi asubuhi, na kazi yake kubwa ya pili baada ya sala ni kujua mambo ya watu. Ukitaka ndoa ya kanisani, jumuiya ndiyo inakuthibitisha kwamba wewe ni mtu mwema. Ikinyamaza, padre hatangazi ndoa, na ndoa isiyotangazwa haifungwi. Mzee Gratien alikuwa ameshasema wazi: binti yake hamtoi kwa mtu asiye na kazi inayoeleweka.

Aurélie ndiye aliyemwambia, "Kwani za halali hakuna?"

Telesfori akacheka kwa uchungu. "Halali ni ya Wazungu, mpenzi."

"Tafuta. Tafuta za bure."

Akatafuta. Nilikuwa naona kwa dirisha anavyohangaika na simu. Tovuti ya kwanza ilikuwa na vitufe vya kijani vinavyosema pakua hapa. Akibonyeza, anapelekwa kwenye kamari. Ya pili ikamletea dada mmoja anayemuuliza kama anajisikia mpweke. Ndipo akaangukia Krita, ambayo ni ya kuchora na kupaka rangi, na Inkscape, ambayo ni ya maandishi, nembo na kadi. Zote mbili bure. Siyo bure ya wiki moja halafu tunakudai. Bure, chukua, mpe na mwenzako, na kama una akili kuliko sisi, fungua ndani urekebishe.

Hakuamini. Alisoma ukurasa ule toka juu mpaka chini akitafuta mahali ulipofichwa mtego. Alipomaliza kuisafisha kompyuta kirusi mwenyewe na kuziweka akazima mtandao, wasije wakamfuata kumdai. Akakaa na mtandao wake umezimwa, anachora kwa woga kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima. Siku zikapita, hakuna aliyekuja. Akauwasha. Hakuna aliyekuja. Hapo ndipo furaha ilipomwingia, na ilipomwingia na Kiingereza kikamrudia.

Mwanzoni alisema ukweli kwa Kiswahili. Akamwambia mwalimu wa kwaya kwamba sasa anatumia programu za bure. Mwalimu akasema, "Basi na bango letu litengeneze bure." Akamwambia mama mwenye sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa. Mama akachukua picha zake mezani. "Mwanangu anaagwa mara moja tu, siwezi kumwekea kitu cha bure." Na kweli, Kiswahili chetu hakijalitendea haki neno hili. Mtu bure ni mtu asiyefaa. Kazi bure ni jasho lililopotea. Ukiambiwa umekwenda bure, ujue urudi ulikotoka. Telesfori akaona hili neno litamuua, akatafuta la kulificha, akalipata: friisoftiwea.

Lilipendeza. Maklayenti walitikisa vichwa kwa heshima. Bango la siku ya mtakatifu somo wa jumuiya likawa zuri kuliko yote aliyowahi kufanya, Mtakatifu Yuda Tadei amechorwa kwa mkono, na kwa mara ya kwanza Telesfori hakumpa mtu suti.

Kilichomponza ni jicho. Kwenye programu hizi picha hupangwa tabaka juu ya tabaka, kama mwanamke anavyovaa shimizi, gauni, halafu kitenge juu. Pembeni ya kila tabaka kuna kialama cha jicho. Ukiligusa, tabaka lile halionekani. Ukiligusa tena, linarudi. Jicho hilo hilo lilikuwepo kwenye ile programu ya wizi miaka yote, na lipo kwenye kompyuta ya parokia mpaka leo. Lakini siku hiyo Mama Queen, katibu wa jumuiya, alifuata fulana ya msiba wa shemeji yake, na Telesfori akataka kujionyesha.

"Mama, angalia teknolojia," akasema, akagusa jicho.

Shemeji akatoweka. Yakabaki mawingu na njiwa.

Mama Queen alitoka bila fulana. Alipita kwenye cherehani yangu bila kunisalimia, na Mama Queen kutosalimia ni jambo la kutangazwa redioni.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa uani kwa Mzee Gratien. Baada ya sala, mwenyekiti akalisifia bango, akamtaka kijana awaeleze wazee kazi yake, maana karibu tutampitisha. Mtu mwenye akili angesema, ni kazi ya kuchora, namshukuru Mungu, akakaa. Telesfori akasimama, akakunja mikono ya shati.

"Hii natumia friisoftiwea," akasema. "Inatengenezwa na jumuiya ya kimataifa."

Bibi mmoja akafurahi. "Jumuiya ya mtakatifu nani, baba?"

"Haina mtakatifu, bibi. Ni watu wa dunia nzima. Wengine hata majina yao halisi hawatumii. Hawajuani kwa sura. Wanakutana mtandaoni."

Kuku akapita katikati yetu, hakuna aliyemfukuza.

"Wanalipwa na nani?" akauliza Mzee Gratien.

"Wengi hawalipwi, Mzee. Wanatoa tu. Ukitaka unajiunga, kiingilio hakuna. Hata mimi nafikiria kujiunga."

"Umesema inaitwaje?"

"Frii," akasema Telesfori, akatabasamu. "Frii."

Sasa hapa kwetu nguzo za umeme zina vikaratasi vilivyobandikwa, vinavyomwalika mtu ajiunge na Frimasoni apate utajiri, namba ya simu chini. Watu wamevisoma miaka nenda rudi wakisubiri tu kumfahamu mtu aliyepiga. Kabla wali wa mchana haujaiva, mtaa mzima ulikuwa umemfahamu. Jumuiya isiyo na mtakatifu. Majina ya siri. Jicho linalomfanya marehemu atoweke. Na kompyuta yake, si ilikuwa imekufa, halafu ikafufuka bila fundi? Kila mtu alikuwa na kipande chake, na vyote vilishonana vizuri kuliko gauni langu lolote.

Telesfori alipopata habari alicheka. Ndipo maklayenti wakaanza kuja kuchukua picha zao. Mwanakwaya mmoja akamwomba amfute kwenye kompyuta, halafu akamwomba asimfute kwa lile jicho. Dereva wa bajaji aliyekuwa anampeleka nyumbani kila jioni akaanza kuwa na abiria mwingine. Wachache walikuja kwa mlango wa nyuma kumuuliza kwa sauti ya chini kama nafasi bado zipo, na hao ndio walionitia hasira zaidi, maana Jumamosi walikuwa mstari wa mbele kwenye rozari.

Mzee Gratien akatuma neno: jumuiya itakaa, na mpaka ikae, asimwone Telesfori kwake. Aurélie alikuja barazani kwangu na macho mekundu.

"Baba anasema atanipeleka mbali kwa shangazi," akasema. "Mama Heri, huyu mtu kosa lake ni kusema ukweli kwa mbwembwe. Sasa mbwembwe ni dhambi gani?"

Nikamwambia ni dhambi ndogo lakini ina watoto wengi.

Siku ya kikao Telesfori alikuja amevaa shati la kanisani, amekonda, Kiingereza chote kimemtoka. Niliona hata huruma. Akaeleza kwa Kiswahili cha mama yake: hii ni programu, imetengenezwa na watu wanaopenda kuchora na kutengeneza programu, wameitoa bure ili kila mtu aitumie, ukipenda unawachangia, basi.

"Kwa nini watoe bure?" akauliza Mama Queen.

"Sijui. Wanapenda tu."

"Wanapenda tu," Mama Queen akarudia, akatuangalia, kama hakimu aliyekwisha kuandika hukumu.

Ndipo Aurélie akasimama. Mtoto yule nampenda, nasema wazi. Akamgeukia baba yake, akasema, "Baba, nyie wazee mkisali Kirundi, neema mnaitaje? Si ubuntu? Na kitu cha bure mnakiitaje? Si mnasema ku buntu? Ni neno moja. Kila Jumamosi mnashukuru kwa kupewa ku buntu. Sasa mtu kapewa ku buntu, mnamhukumu?"

Wazee walitazama chini. Kwa muda mfupi nilidhani ameshinda. Mzee Gratien akatafakari kwa uaminifu kabisa, maana si mtu mbaya, halafu akasema taratibu, "Mwanangu, neema ni ya bure kwa sababu ni ya Mungu. Huyu aliyetoa programu si Mungu. Mwanadamu akikupa kitu bila kudai, amekwisha kuchukua kingine ambacho hujakiona."

Vichwa vikatikisika. Mama Queen akafungua kalamu. Mzee Gratien akamgeukia Telesfori kwa mara ya mwisho.

"Ulilipa nini?"

"Sikulipa, Mzee."

"Uliapa?"

"Sikuapa."

"Ulitoa jina la mtu? La mama yako? La binti yangu?"

"Hapana."

"Sasa kijana, kitu hukununua, hukuapa, hukutoa mtu. Umekipataje?"

Telesfori akamtazama Aurélie. Akatutazama sisi. Nikaona kitu kinakatika usoni mwake kama uzi.

"Niliiba," akasema.

"Uliiba?"

"Niliiba. Ni krakki. Alinipa Lukmani kwenye flashi."

Ah, jamani. Mngeisikia pumzi iliyoshuka uani pale. Bibi wa mtakatifu nani akafanya ishara ya msalaba kwa furaha. Mtu akacheka. Mama Queen akafunga kalamu, akasema kwa sauti ya mama mzazi, "Sasa wewe mtoto, ungesema tangu mwanzo. Unatutia presha ya bure."

"Krakki ya Lukmani?" akasema mzee mmoja. "Si hiyo hiyo ya parokia?"

"Hiyo hiyo."

"Basi ni mwenzetu huyu."

Mzee Gratien akasimama, akamshika bega. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa majuma mengi kumwona anatabasamu. "Ujana," akasema. "Afadhali ungeiiba mbele yetu, tusingekaa kikao." Wakampitisha pale pale, bila kura. Wakapiga makofi. Aurélie peke yake ndiye hakupiga.

Kabla ya ndoa ilibidi aungame. Aliyoyasema huko kitubioni amenisimulia mwenyewe, mimi sikumwuliza. Alimwambia padre kwamba amesema uongo kuwa ameiba. Padre akauliza ameiba nini. Akasema hajaiba kitu. Padre akauliza sasa anaungama nini. Akaeleza yote, Krita na Inkscape na jicho na krakki. Padre akamuuliza kama hiyo ya bure inaweza kufanya kazi ya matangazo ya Jumapili, maana ile ya parokia imeanza kuleta kidirisha. Akampa malipizi, akamwambia apite ofisini kuiweka. Na asiwaambie watu kwamba ni ya bure.

Lukmani naye hakulala. Habari zilipoenea kwamba Telesfori ameiba programu mpya kali inayochora watakatifu, wachora mabango wakaanza kuja kuiulizia. Lukmani akaziweka Krita na Inkscape kwenye flashi, akaandika juu yake krakki kwa peni nyekundu, na anaziuza. Zinatoka vizuri. Kabla ya hapo alijaribu kumpa kinyozi jirani bila malipo, kinyozi akazirudisha.

Ndoa imetangazwa Jumapili mara zote zinazotakiwa, na hakuna aliyejitokeza na kizuizi. Kadi ametengeneza Telesfori mwenyewe, nzuri, herufi zinasomeka. Maklayenti wamerudi. Akiulizwa anatumia nini, anakonyeza jicho lake mwenyewe na kusema, "Mambo ya Lukmani hayo," na watu wanacheka kwa raha na kumwamini.

Wiki iliyopita Aurélie alikuja kupima gauni. Nilimzungusha, nikawa nabana kiuno, yeye anaangalia ndani ya steshenari, Telesfori anamwonyesha mteja rangi. Nikamwuliza mbona amenuna, bibi harusi hanuni.

"Nilitaka kuolewa na mtu mkweli, Mama Heri," akasema. "Nikampata. Jumuiya ikamrekebisha kwanza, ndiyo ikanipa."

Nikachukua pini nyingine, nikaendelea kubana kiuno.